TUMBO LIKIFUNGA, USINGOJE ASUBUHI



Tuseme baba mmoja wa miaka 55, mvutaji wa sigara tangu ujana, ana kikohozi kisichomwacha. Usiku mmoja tumbo linamshika. Maumivu yanapanda, yanapungua, yanarudi. Anatapika. Tumbo linavimba kama ngoma. Haendi choo kikubwa, wala hatoi upepo. Nyumbani wanasema: «Ni choo kigumu tu, tumpe dawa ya kuharisha.» Hapo ndipo hatari inapoanza.

Utumbo ni kama mpira wa maji. Njia ikizibwa, vyote vinajaa nyuma. Dawa ya kuharisha inazidisha msukumo, na utumbo unaweza kupasuka.

Nini kinaziba? Kwa watu wazima, mara nyingi ni makovu ya operesheni ya zamani, au ngiri iliyonaswa. Mara nyingine ni uvimbe, na uvimbe huo unaweza kuwa umetoka mbali. Kansa ya mapafu husafiri katika damu. Huenda zaidi kwenye mifupa, ini na ubongo. Mara chache hufika kwenye utumbo. Ikiota pale, huziba njia, au kipande kimoja cha utumbo huvutwa ndani ya kingine, kama mkono wa shati uliokunjwa kwa ndani.

Kwa hiyo mwambieni munganga yote: kikohozi, damu katika makohozi, kukonda, sigara, miaka ya kazi ndani ya vumbi. Vumbi la mawe yenye silika linajulikana kuwa linaleta kansa ya mapafu. Wataalamu wa kimataifa wa kansa walilitangaza hivyo mwaka 1997.

FANYENI HIVI:
1. Msimpe chakula, kinywaji wala dawa ya kuharisha. Msimwingizie dawa kwa nyuma.
2. Mpelekeni hospitali usiku uleule.
3. Msiogope radio, serumu, wala mpira unaopitishwa puani ili kutoa maji ya tumbo. Munganga akisema kisu, msikilizeni.

Kisu hakiondoi kansa iliyokwisha kuenea. Lakini kinaweza kufungua njia, kutuliza maumivu, na kumrudisha baba kati ya watoto wake kwa muda.

Nawe uliye mzima: lowesha jiwe kabla ya kutoboa, vaa kinga ya pua na mdomo, acha sigara. Kikohozi kikipita majuma 3, nenda kwa munganga.