"Baba Yetu" yatunzwa ugenini

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Lakini Februari 2011 ilikuwa sala ya Kiswahili iliyotunzwa ugenini, katika jiji la Los Angeles, Marekani.

Mtunzi wa muziki wake ni Mmarekani, Christopher Tin. Mwaka 2005 alitunga wimbo wa kufungulia mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV. Alichukua Sala ya Bwana, ambayo maneno yake ya Kiswahili yalitayarishwa na Chris Kiagiri, akauita wimbo huo "Baba Yetu". Baadaye aliurekodi upya kwa sauti za Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini na ala za okestra ya Royal Philharmonic ya London. Ndio unaofungua albamu yake ya mwaka 2009, Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 katika lugha 12. Tuzo ya Grammy aliyopewa ilikuwa ya upangaji wa ala zinazosindikiza waimbaji, na hakuna muziki wa mchezo wa kompyuta uliowahi kuipata kabla ya huo.

Mshindi wa Grammy huamuliwa kwa kura za wanamuziki na watayarishaji wa muziki. Usukumani, ambako ndiko iliko Bariadi yetu ya Simiyu, mwamuzi ni umati. Baada ya mavuno, wachezaji wa Bagika na wa Bagalu hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo manju hana budi kutunga nyimbo mpya na kubuni mbinu mpya, la sivyo watu watamhama mchana kweupe.

Ni dhahiri, basi, kwamba hatuna upungufu wa watunzi. Tofauti iko katika kuhifadhi. Tin aliandika kila sauti na kila ala kwa noti. Ndiyo maana kwaya ya nchi yoyote, hata isiyojua Kiswahili, huweza kufungua karatasi na kuimba. Nyimbo nyingi za manju hukaa kifuani mwake, na siku ya maziko yake huzikwa pamoja naye.

Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement alianza kukusanya ngoma na vifaa vya Wasukuma katika miaka ya 1950. Vifaa vimepata makumbusho. Nyimbo nazo zinahitaji kalamu. Ndugu mzazi, mtoto wako apendaye ngoma na afundishwe pia kusoma na kuandika noti. Mcheza kwao hutunzwa, na wimbo wake pia utunzwe.