Mfalme Simba: Kwa Nini Kiswahili Kilipewa Vichekesho?

Sisi tunaoishi Muhaisnah tumeshazoea. Umo kwenye basi kuelekea kituo cha Metro cha Etisalat, jirani yako anakuuliza unatoka wapi, na ukitaja Kenya au Tanzania tu uso unamchangamka: "Hakuna matata!" Hana nia mbaya. Hicho ndicho Kiswahili chote alicho nacho, na amekupa. Tunatabasamu, tunashukuru, safari inaendelea.

Ijumaa moja baada ya swala tulikusanyika Muhaisnah 4, katika chumba cha mwenzetu, kuisikiliza The Lion King kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Si nyimbo za filamu ya 1994, ambazo kila mmoja wetu amekua nazo, bali za tamthiliya ya jukwaani, zilizorekodiwa na waigizaji wa kwanza wa Broadway. Tulikuwa saba, na spika moja ndogo, na sinia la pilau. Mmoja wetu ni kaka kutoka Kenya anayefanya kazi ya ulinzi na kulala Muhaisnah 2, kwenye kambi za wafanyakazi ambazo watu huziita Sonapur. Si mwanafunzi. Huja vikaoni anapopata siku ya mapumziko, na Kiswahili chake kinatushinda wengi tunaokisomea.

Tamthiliya hii ilifunguliwa rasmi New York tarehe 13 Novemba 1997, katika ukumbi wa New Amsterdam, na mpaka leo bado inaonyeshwa. Ilihamia tu ukumbi wa Minskoff mwaka 2006. Mwaka 1998 ilipata tuzo sita za Tony, na mwongozaji wake, Julie Taymor, akawa mwanamke wa kwanza kupata Tony ya uongozaji wa tamthiliya ya muziki. Imeshatazamwa na zaidi ya watu milioni 100 duniani. Huku kwetu ilifika mwishoni mwa 2022, Etihad Arena, kisiwa cha Yas, Abu Dhabi. Waliokuwa na pesa ya tiketi walikwenda. Sisi tulisikia habari zake.

Waliokwenda husimulia kwanza wanyama. Taymor hakuwaficha watu ndani ya ngozi za bandia. Barakoa ya simba hukaa juu ya kichwa cha mwigizaji, na uso wa mtu unabaki wazi chini yake, kwa hiyo unawaona wote wawili kwa pamoja. Twiga ni mchezaji anayetembea kwa mironjo minne, miwili miguuni na miwili mikononi. Tembo anabebwa na watu wanne, naye hupita katikati ya watazamaji kuelekea jukwaani. Taymor aliwahi kuishi Indonesia, na alijifunza pia kutoka kwa vibaraka vya Japani. Hata hivyo, aliyesoma Lina Ubani ya Penina Muhando hatashangazwa na mchezo unaovunja ukuta kati ya fanani na hadhira. Ngoma zetu hazikuwahi kuwa na ukuta huo.

Kisa chenyewe ni kama Hamlet: ndugu anamuua mfalme na mtoto wa mfalme anabaki na deni. Nyerere alipotafsiri Shakespeare alichagua Julius Caesar na Mabepari wa Venisi. Hamlet akatuponyoka, na wengi wetu tukamjua kwanza kwa sura ya simba.

Ubishi ulianza tulipofika kwenye majina. Simba na Rafiki hawahitaji kamusi. Sarabi, mama yake Simba, ni mazigazi. Hata rafiki zetu Waarabu walilitambua mara moja, maana kwao ni sarab. Pumbaa anatokana na kupumbaa. Shenzi ni fisi, na neno hilo hatuthubutu kulitamka mbele ya wahadhiri wetu. Mufasa na Nala tuliwatafuta katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, hawamo. Kisha mmoja wetu akasoma maelezo ya waandaaji, yanayosema kwamba mchezo una lugha sita za Kiafrika: Kiswahili, Kizulu, Kixhosa, Kisotho, Kitswana na "Kikongo cha Kongo", au tuseme "Kikongomani". Darasa zima la isimu liliangua kicheko. Ni Kilingala? Kikongo? Kiluba? Au ni Kiswahili cha Bukavu kimehesabiwa mara mbili?

Kicheko kilipopungua, dada mmoja wa mwaka wa pili akauliza swali lililotufanya tuandike makala haya. Mtoto anapozaliwa mwanzoni, mwito unaolizindua jua ni wa Kizulu. Nala anapoiaga nchi iliyokauka, kibwagizo ni cha lugha za kusini. Maombolezo na dua, kusini. Kiswahili kimepewa nini? Ngiri na nguchiro wanaokula wadudu na kusema hakuna matata.

Jibu moja ni Lebo M. Ni mzaliwa wa Soweto aliyeondoka kwao akiwa kijana na kuishi uhamishoni Marekani wakati wa ubaguzi wa rangi, na ndiye aliyeleta kwaya na lugha zake katika kazi hii. Aliweka sala mahali pa sala kwa lugha aliyofundishwa kusali. Kiswahili, kwa upande mwingine, kiliingia kupitia mlango wa watalii. Them Mushrooms wa Mombasa walitoa Jambo Bwana mwaka 1982, na hakuna matata ilikuwa tayari imezunguka hoteli zote za Pwani kabla Elton John na Tim Rice hawajaitungia wimbo. Mwaka huohuo wa filamu, 1994, Disney waliomba kuyasajili maneno hayo Marekani kama alama ya biashara ya nguo, wakakubaliwa mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018 mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alianzisha ombi la kupinga, na saini zikapita 100,000. Tulikuwa tunalijadili hili kwa hasira nzuri ya kisomi, mpaka kaka yetu mlinzi alipoomba wimbo urudishwe.

Tukaurudisha. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ninyi mnazozana juu ya fulana," akasema. "Sikilizeni. Mtoto anaanza huu wimbo, na anayeumaliza ni mtu mzima. Miaka imekwenda wapi?"

Hakuna aliyejibu. Ni kweli: jukwaani Simba anauanza akiwa mdogo, na kabla haujaisha anaingia mwigizaji mwingine, Simba aliyekomaa. Baba amekufa, mtoto amekimbia akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua, na waliomwokota wanamfundisha kusahau. Sehemu yote ya pili ya mchezo ni kazi ya kuufuta wimbo huo. Dunia imeuchukua wimbo, imeacha kazi.

"Mimi nilikuja na mkataba wa miaka miwili," akaendelea. "Huu ni mwaka wa saba. Mzee alipofariki sikupewa ruhusa, nikayaona mazishi kwenye simu. Asubuhi yake niko mlangoni, mgeni akasoma beji yangu, akaniambia hakuna matata. Nikamwambia karibu."

Mwenye chumba akapunguza sauti ya spika. Mmoja wetu akampa pole kama tunavyopeana kwetu, na wengine tukaitikia, mwaka mzima ukiwa umepita.

Wimbo uliofuata baada ya mapumziko ya mchezo ulikuwa wa kusini tena. Hatukuelewa maneno yote. Yeye hakuelewa hata moja, lakini ndio aliotaka urudiwe, mara ya pili na ya tatu. Baadaye Rafiki, mganga mwenye jina letu na ndimi za watu wengine, akamwimbia Simba kwamba baba bado anaishi ndani yake, na hapo pilau lilikuwa limepoa bila mtu kuligusa.

Saa moja usiku kaka aliamka kuwahi gari la kambini, kwa kuwa zamu yake ilianza alfajiri. Alipofika mlangoni akageuka kumwambia yule dada wa mwaka wa pili kwamba swali lake bado, aliandike. Ameshatuma ujumbe mara mbili kuuliza kama makala imetoka.