Daraja la Kifungo cha Nitrojeni

Mkulima wa Ugogo apandaye uwele karibu na Chimwaga amezungukwa na nitrojeni, maana yapata sehemu 78 katika 100 za hewa ndiyo hiyo; lakini mmea wake waweza kuikosa hata majani yakageuka manjano. Sababu yaonekana katika mchoro wa obitali za molekuli.

Atomi mbili zikutanapo, obitali zao huchanganyika zikawa za namna mbili: zifungazo na zitenganishazo. Elektroni huzijaza kuanzia chini, na obitali moja haipokei zaidi ya mbili. Basi, katika idadi ya elektroni zifungazo toa zile zitenganishazo, kisha gawa kwa 2, kwa kuwa kifungo kimoja ni jozi. Hilo ndilo daraja la kifungo.

Nitrojeni ina elektroni za nje 10: 8 zafunga, 2 zatenganisha, daraja ni 3. Heli hupata 0, wala atomi zake haziungani. Oksijeni, kwa 8 na 4, hupata 2. Tena elektroni zake mbili za juu hukaa kila moja pekee, ndiyo sababu oksijeni iliyogeuzwa kimiminiko huvutwa na sumaku, jambo ambalo vile vistari tuandikavyo baina ya atomi havilielezi.

Kifungo cha daraja la 3 ni kigumu mno kuvunjika. Viwandani huvunjwa kwa joto, mkandamizo na chuma. Shambani, na bakteria wa mizizi ya njugu mawe.