Tumbaku Mbichi Inapopita Kwenye Ngozi

Ndugu mkulima wa Urambo, Sikonge na Kaliua, leo tuzungumze juu ya ugonjwa unaokuja na uchumaji wa tumbaku. Umeingia shambani alfajiri, umande umejaa, umekumbatia majani hadi shati limelowa. Jioni kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, unatapika, miguu haina nguvu. Nyumbani wanasema malaria. Yaweza kuwa malaria kweli, maana tunachuma wakati wa mvua na mbu. Lakini yaweza pia kuwa sumu ya jani lenyewe, iitwayo nikotini. Wewe hukuvuta wala hukutafuna. Je, imeingiaje?

Imepita kwenye ngozi. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila seli imezungushiwa utando mwembamba wa mafuta. Ngozi ya juu nayo, ambayo seli zake zimekwisha kufa, imezibwa kwa mafuta katikati ya seli na seli, kama udongo kati ya matofali. Sasa mafuta na maji hayapatani, hilo kila mpishi analijua. Chumvi huyeyuka katika maji tu, basi hukwama mlangoni. Wapagazi walioleta chumvi ya Uvinza Tabora kwa njia ya misafara hawakuingiwa na chumvi kwa kuishika. Lakini kata pilipili kichaa! Ukali wake huyeyuka katika mafuta, hupenya, na vidole huwaka hata baada ya kunawa kwa maji matupu.

Nikotini inaweza yote mawili. Umande, mvua au jasho huitoa kwenye jani, mafuta ya ngozi huipokea, kisha hujiendea yenyewe kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo, mpaka kwenye damu. Madaktari hutumia mlango huohuo: iko plasta ya nikotini anayobandikwa mtu anayetaka kuacha sigara. Tofauti ni kwamba plasta imepimwa, shati lako lililolowa halikupimwa. Nalo likiganda mgongoni huendelea kukupa sumu hata ukiwa umekwisha fika kwenye bani.

Kwa hiyo ngoja majani yakauke. Ukilazimika, jifunike kwa nailoni, vaa glavu, na usibebe majani kwapani. Nguo ikilowa, ibadilishe palepale. Ukitoka shambani oga kwa maji mengi na sabuni. Mtoto asiguse kabisa tumbaku mbichi, kwani mwili wake ni mdogo na kiasi kile kile cha sumu humzidi. Mama mjamzito naye abaki nje ya kazi hiyo.

Dalili huweza kuanza saa kadhaa baada ya kazi, na mara nyingi huisha kwa siku moja hadi tatu. Hata hivyo nenda zahanati, upimwe damu, na umwambie mganga kwamba ulikuwa unachuma tumbaku yenye maji. Kama ulipulizia dawa ya wadudu, itaje kwa jina, kwa sababu sumu yake huweza kuleta dalili zinazofanana na hizo.