Mpapindi, Mti Usioota Ila Pemba



Kila mara twaandika hapa habari za mikarafuu. Safari hii twapenda kuwaeleza habari za mti ambao sisi wenye mashamba tunadaiwa nao. Mti huo ni mpapindi.

Mpapindi ni wa jamaa ya minazi na mipopoo. Shina lake lina pingili, huweza kufika mita 12, na matunda yake yakiiva huwa mekundu. Nduguze wengi wako Bukini, yaani Madagaska, na wachache Komoro. Lakini wenyewe hauoti porini popote duniani ila Pemba. Mtaalamu wa Marekani, Harold E. Moore, aliupa jina la kitaalamu mwaka 1962. Leo wageni huupanda katika bustani zao kwa uzuri wake, na hapa kwao umebaki zaidi katika msitu wa Ngezi.

Kwa nini Ngezi? Zamani msitu mnene ulienea kisiwani. Karafuu zilipostawi katika karne ya 19, na hasa baada ya tufani ya 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, msitu wa Pemba ulifyekwa kupisha mashamba. Ngezi ilisalimika kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi yake ni mchanga usiofaa mikarafuu. Basi mali yetu ndiyo iliyoupunguzia mti huu makao.

Twajua kwamba nyumba yataka boriti na jiko lataka kuni. Hayo si mageni kwa wenzetu wa Bariadi, mkoani Simiyu. Huko Usukumani pori lilifyekwa kwa ajili ya pamba na kufukuza mbung'o, hata kuni zikawa taabu. Mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado katika mkoa wa Shinyanga, ilianzishwa kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wasukuma walirudia desturi yao ya ngitili, yaani kutenga malisho na kuyaacha yapumzike. Miti ikachipua yenyewe, na baada ya miaka kama 15 ngitili za mkoa zilizidi ekta 300,000.

Lakini mti wa Usukumani ukipotea, mbegu yaweza kutoka wilaya nyingine. Mpapindi wetu ukitoweka porini, hakuna pori jingine la kuutafuta.

Kwa hiyo twaomba: mwenye mche wa mpapindi shambani asiukate, na mwenye haja ya kuni na boriti apande miti yake mpakani mwa shamba, aiache Ngezi. Majuto ni mjukuu.