Bibi Judy Kibinge na Kazi ya Senema

Hapa kwetu Tunduma, mpakani, kijana akitaka senema haendi mbali. Vibanda vya kuonyeshea picha vipo, na siku hizi simu ya mkononi nayo ni kibanda tosha. Wazazi wengi wamekwisha kata shauri kwamba senema yote ni upuuzi. Sina ugomvi nao, maana mengi ya humo ni ya kuteketeza wakati. Lakini yafaa wasomaji wetu, hasa mabinti, wazisikie habari za bibi mmoja wa Kenya aliyeishika kazi hii kwa namna nyingine.

Bibi Judy Kibinge alizaliwa mwaka 1967, akasomea sanaa ya matangazo Manchester, Uingereza. Aliporudi Nairobi aliajiriwa na kampuni ya matangazo ya McCann Erickson, akapanda hata akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza kazi za ubunifu pale. Cheo kama hicho watu hawakiachi kwa hiari. Yeye alikiacha mwaka 1999 ili atengeneze picha. Mwaka 2002 ikatoka Dangerous Affair, na mwaka 2013 Something Necessary, kisa cha mwanamke anayejenga upya maisha yake baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007.

Picha yake itugusayo zaidi ni Scarred, ya mwaka 2015. Ijumaa, tarehe 10 Februari 1984, askari walianza kuwakamata wanaume wa Kisomali wa ukoo wa Degodia katika Wajir, ndugu zetu Waislamu, wakawakusanya katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Waliwekwa siku kadhaa juani pasipo maji wala chakula, wakavuliwa nguo, na wengi wakapigwa risasi. Serikali ilitaja maiti 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema mwaka 2013 kwamba huenda waliokufa walifikia 1,000. Miaka thelathini wajane na yatima walikaa na habari hiyo vifuani. Bibi Kibinge aliwaendea na kamera, wakasema kwa vinywa vyao wenyewe.

Nasi huku Songwe tunao wazee walioiona reli ya TAZARA ikijengwa baina ya 1970 na 1975, nao wanapungua kila mwaka. Simu ile ile ya kijana yaweza kuihifadhi sauti ya babu yake.

Mwaka 2012 bibi huyu alianzisha Docubox, mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa picha za habari za kweli katika Afrika Mashariki, akauongoza kwa miaka mingi. Fedha za kuanzia zilitoka Ford Foundation ya Marekani, lakini afisi iko Nairobi. Aliyechaguliwa hupewa fedha, mafunzo na watu wa kumshauri, kwa kuwa picha ya namna hii huweza kuchukua miaka mingi, na wengi huchoka njiani.

Miongoni mwa zilizosaidiwa ni New Moon, ya Bibi Philippa Ndisi-Herrmann. Alikwenda Lamu kuchukua habari za bandari mpya. Akakaa na wenyeji, akasilimu, na picha yake ikageuka kuwa habari ya safari hiyo. Mwaka 2018 ilipewa tuzo ya picha bora ya habari za kweli katika tamasha la Durban, Afrika ya Kusini.