Barua pepe imegoma? Tazama kwanza saa ya kompyuta

Programu ya barua pepe iliyofanya kazi jana inapogoma leo, wengi huifuta na kuisakinisha upya. Pupa hiyo ina gharama. Akaunti za mfumo wa POP mara nyingi hushusha barua kwenye kompyuta na kuziondoa kwenye seva. Ukiifuta akaunti, huenda ukapoteza nakala pekee. Kwa ofisi ya Arua au ya Koboko, inayohudumia wakimbizi wa makazi ya Lobule, hasara hiyo si ndogo.

Huko West Nile, eneo lililotegemea kwa miaka mingi kituo cha Nyagak chenye megawati 3.5, kukatika kwa umeme ni jambo lililozoeleka. Umeme ukikosekana, saa ya kompyuta ya mezani huendeshwa na betri ndogo ya duara iliyomo ndani. Betri ikichoka, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Programu nayo hukagua cheti cha usalama cha seva, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ikidhani huu ni mwaka 2010, hukikataa.

Rekebisha saa, kisha ubadilishe betri. Tatizo likiendelea, fungua barua kupitia kivinjari. Zikifunguka, huenda programu imepitwa na wakati: tangu Mei 30, 2022, Google ilianza kuzikataa programu zinazoingia kwa jina na nenosiri la kawaida pekee. Kabla ya kufuta chochote, nakili barua zako kwenye diski nyingine.